Tai Wawili wa Seventh Avenue

Habari zenu, wapendwa wangu. Nipo New York, Seventh Avenue, na kabla sijasema neno nataka mmwone huyu nyuma yangu. Tai wa jiwe. Walikuwa 22, kazi ya mchongaji Adolph Weinman, na hapa wamebaki wawili tu. Jengo walilolikalia halipo.

Lilikuwa Pennsylvania Station, kituo cha treni kilichofunguliwa 1910. Waliokichora ni McKim, Mead & White, wasanifu wa hapa hapa mjini. Charles McKim alitazama mabafu ya kale ya Caracalla kule Roma, akawajengea abiria ukumbi wa kusubiria wenye dari iliyopanda karibu mita 45. Abiria wa kawaida, jamani, mwenye begi lake na tiketi yake! Yeye mwenyewe alifariki 1909, hakuuona ukifunguliwa.

Oktoba 1963 wakaanza kuubomoa. Watu walikuwa wamehamia kwenye magari na ndege, kampuni ya reli imeelemewa na hasara, ikauza haki ya kujenga juu ya kituo. Ndiyo hii Madison Square Garden mnayoiona, ukumbi wa michezo na burudani. Treni zikabaki huku chini, na dari lake fupi hili.

Lakini hasira ya ubomoaji ule ilichangia sana kuleta sheria ya jiji ya 1965 ya kulinda majengo ya kihistoria. Walipotaka kupandisha mnara wa ofisi juu ya Grand Central, kituo kingine kikubwa cha treni hapa mjini, jiji likakataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1978 jiji likashinda. Na Grand Central hawakuichora McKim na wenzake! Jengo lao lilikufa, la wengine likapona. Hapo huwa nanyamaza kidogo.

Ng'ambo ya Eighth Avenue kuna jengo la posta la 1914, la wasanifu wale wale wa kituo kilichobomolewa. Tangu 2021 sehemu yake ni ukumbi wa treni, paa la kioo limebebwa na vyuma vile vile vya zamani. Nendeni mkauone mkifika huku.

Mimi lakini nawapeleka chini, kwenye ngazi za majukwaa. Shikeni hapa nami: mshikio wa shaba, wa kituo kile cha kwanza. Watu wanaupita mbio. Ngoja nisogeze kamera karibu.