Mwanya kati ya visanduku: riwaya za picha tunazopenda kuwapa wenzetu

ZUHURA: Karibuni wasomaji wenzetu. Mimi ni Zuhura.

HAMISI: Na mimi Hamisi. Leo kila mmoja kaja na riwaya za picha anazopenda kuwapa wengine. Tulianza na kumi na mbili, tukabishana, zimebaki nne hapa mezani.

ZUHURA: Nne na kimoja cha ziada, ambacho ni katuni inayoeleza katuni. Nitakitaja sasa hivi.

HAMISI: Lakini kabla ya hapo, dada Zuhura, tulipokuwa tunajiandaa ulisema watu wengi wanasoma katuni nusu. Neno hilo halijanitoka.

ZUHURA: Nililisema kwa sababu nami nilisoma hivyo miaka mingi. Jicho linaruka kwenye kiputo cha maneno, likimaliza linaruka kwenye kingine, na picha zinapita pembeni kama nguzo za umeme ukiwa safarini. Dakika arobaini, kitabu kimekwisha! Na mchoraji kakaa nacho miaka. Art Spiegelman alianza kuchapisha riwaya yake ya picha, Maus, kidogo kidogo mwaka 1980, na juzuu ya pili ikatoka 1991. Miaka kumi na moja ya mtu, wewe unaimaliza kabla chai haijapoa.

HAMISI: Anayekimbilia maneno anakosa nini hasa?

ZUHURA: Mwanya. Ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku kimoja cha picha na kingine. Ndiyo hiki cha ziada sasa: Understanding Comics cha Scott McCloud, cha mwaka 1993. Anatoa mfano mmoja ambao ukishauona huusahau. Kisanduku cha kwanza, mtu kainua shoka, mwenzake yuko mbele yake. Kisanduku cha pili, mji usiku, na ukelele angani. Basi. Shoka likishuka halikuchorwa popote. Nani kalishusha?

HAMISI: Mimi niliyesoma.

ZUHURA: Wewe. Umechagua limeshuka vipi, limempata wapi, kwa kishindo gani. Mimi nimelishusha kwa namna nyingine. Ndiyo maana wawili waliosoma kitabu kimoja cha picha wana mengi ya kuambiana. Riwaya ya maneno nayo huacha mapengo, lakini katuni inakuachia pengo kila upana wa kidole.

HAMISI: Basi nianze na kitabu ambacho karibu chote ni mwanya. The Arrival, cha Shaun Tan wa Australia, kilichotoka 2006. Hakina mazungumzo wala maelezo, toka mwanzo hadi mwisho. Mwanamume anafungasha, anaaga mkewe na bintiye, anakwenda nchi asiyoijua. Ukurasa wa kwanza ni visanduku vya vitu vya nyumbani tu: ndege wa karatasi, saa, kofia, picha ya familia. Nilivipita mbio. Nilipofika karibu na mwisho nikakuta ukurasa mwingine uliopangwa vilevile, ila vitu ni vya nchi mpya. Nikarudi mwanzo, nikaweka kidole kwenye kila kisanduku, nikilinganisha kimoja kimoja.

ZUHURA: Na mabango ya ule mji?

HAMISI: Ah, hapo ndipo alipofanya jambo kubwa. Maandishi yote ya mji ule ni herufi za kubuni. Hakuna msomaji popote duniani anayeweza kuyasoma. Yule bwana hajui kilichoandikwa ukutani, nawe hujui. Hata wanyama hujawahi kuwaona. Akitaka kitu inabidi akichore kwenye daftari amwonyeshe mwenyeji. Mwandishi angeweza kuniambia «alijisikia mgeni» nikatikisa kichwa, nikaendelea. Hapa mgeni ni mimi.

ZUHURA: Mimi nilikaa sana kwenye zile kurasa za mawingu. Visanduku vidogo vidogo, kila kimoja wingu na hali yake, wakati yuko melini.

HAMISI: Wewe uliona nini?

ZUHURA: Siku. Nilizihesabu kama mtu anayesubiri kufika.

HAMISI: Mimi niliona mtu aliyelala chali sitahani asiyetaka kuzungumza na yeyote.

ZUHURA: Unaona? Ukurasa mmoja, safari mbili.

HAMISI: Lete chako.

ZUHURA: Persepolis, ya Marjane Satrapi. Ni maisha yake mwenyewe: utoto nchini Iran wakati wa mapinduzi na vita. Ilitoka Ufaransa kwa juzuu nne, kuanzia 2000 hadi 2003.

HAMISI: Niseme kweli, mara ya kwanza niliifungua nikaifunga. Nyeusi na nyeupe tupu, nyuso za mistari michache. Nilidhani mchoraji hakujitahidi.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe, na nitakuonyesha kwa ukurasa wa kwanza tu. Kisanduku cha kwanza yuko peke yake, ana miaka kumi, ushungi kichwani, anatuambia huu ni mwaka 1980. Kisanduku cha pili ni picha ya darasa. Wasichana wanne wamekaa, na yeye anasema yuko mwisho kabisa upande wa kushoto, kwa hiyo hatumwoni. Ukingo wa kisanduku umemkata.

HAMISI: Hilo sikuliona kabisa.

ZUHURA: Lakini ndicho kitabu chote! Wanafunzi wamelazimishwa kuvaa namna moja, na mtoto huyu, katika kisanduku cha pili tu cha maisha yake, tayari fremu haimtoshi. Hakueleza kwa sentensi, kaka yangu. Kachora ukingo mahali pabaya kwa makusudi. Na kuhusu weusi ule: wasichana waliovaa sawa, wakiwa wino mtupu, wanakuwa karibu doa moja. Sasa mtafute mmoja mmoja kwa macho, kwa nyusi, kwa mdomo. Ukiweka rangi na vivuli, kazi hiyo unamnyang'anya msomaji.

HAMISI: Nimekubali. Nitairudia leo.

ZUHURA: Maus ni yako, endelea.

HAMISI: Kila anayependa riwaya za picha anaitaja, najua. Spiegelman anamhoji baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyeokoka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi kawachora panya, Wajerumani paka. Mwaka 1992 ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, na hakuna riwaya ya picha iliyokuwa imewahi kuipata Pulitzer kabla yake. Nilimwazimisha rafiki asiyesoma katuni. Baada ya wiki kanirudishia: «Panya wanaozungumza, hiki si cha watoto?»

ZUHURA: Ukamwambia nini?

HAMISI: Nilitaka kumhutubia. Nikajizuia, nikafungua juzuu ya pili, pale mwandishi anapojichora akiwa kwenye meza yake ya kazi. Si panya tena. Ni binadamu aliyevaa barakoa ya panya, na chini ya meza kuna rundo la miili. Rafiki yangu akaangalia kimya. Akasema, «Kumbe hata yeye anajua ni barakoa.» Akaondoka nacho tena. Kosa langu lilikuwa namna nilivyompa: nilisema «ni kitabu muhimu sana», nikamwachia mzigo. Kumbe alihitaji ukurasa mmoja na mtu wa kukaa naye.

ZUHURA: Ndiyo maana mimi kwa anayeanza simpi Maus. Nampa Aya de Yopougon.

HAMISI: Kile chenye rangi za jioni!

ZUHURA: Hicho. Kaandika Marguerite Abouet, kachora Clément Oubrerie. Juzuu ya kwanza ilitoka 2005, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kule Angoulême, kwenye tamasha la katuni la Ufaransa. Hadithi iko Yopougon, mtaa wa Abidjan nchini Ivory Coast, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anataka kuwa daktari, rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka kucheza dansi. Hapo kuna soko ambalo usiku, wauzaji wakishaondoka, vijana wanakutana kwenye meza zake. Wanaliita hoteli ya nyota elfu, kwa sababu hakuna paa.

HAMISI: Jina lile peke yake linatosha kumwazimisha mtu kitabu.

ZUHURA: Na anayeanza anacheka, anasahau kuwa anajifunza kusoma picha.

HAMISI: Mawili ya haraka kwa wanaotaka kuazimana. Ukimpa mtu manga, yaani katuni za Kijapani, mwambie mapema kwamba nyingi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nimeona mtu akianza na mwisho wa hadithi, akaichukia bure. La pili, simu. Kuna programu zinazokuonyesha kisanduku kimoja kimoja.

ZUHURA: Mimi sizipendi kabisa. Zinaua ukurasa. Mawingu ya Shaun Tan moja moja kwenye kioo cha simu yanabaki mawingu tu. Kama huna ila simu, angalia kwanza ukurasa mzima, ndipo uingie ndani.

HAMISI: Muda wetu umekwisha, lakini hebu nionyeshe tena ule ukurasa wa darasa.

ZUHURA: Huu hapa. Anzia kushoto kabisa.