Mpira wa kupumulia ukichomoka ICU: tusianze na swali la mikono

Habari zenu wenzangu, asanteni sana kwa kuja, hasa nyie mliotoka shifti ya usiku. Leo naongelea mpira wa kupumulia, ule unaopita mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa na kuunganishwa na mashine, kuchomoka bila sisi kupanga, na nianze na kitu kinachoniuma kabisa: mgonjwa akiuvuta tu, swali la kwanza kuulizwa ni kwani mikono ilikuwa haijafungwa kitandani? Jamani hilo swali tuliweke pembeni kidogo.

Wengi wanaouchomoa ni wagonjwa wenyewe, na tafiti zimekuta wengi wao walikuwa wamefungwa mikono wakati wanauchomoa. Mtu akifungwa anaogopa, akiogopa anahangaika zaidi, anajisogeza chini taratibu anainamisha kichwa mpaka mdomo unafika kwenye vidole. Na hebu muoneni anavyoamka: mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti kwa hiyo hawezi kutamka hata neno moja, koo limekauka, plasta inawasha shavuni, hajui ni mchana au usiku. Anapeleka mkono mdomoni, yeyote kati yetu angefanya hivyo hivyo. Sisi tunamwita msumbufu halafu tunaongeza dozi ya usingizi, hatujaangalia kama ana maumivu, kama mrija wa mkojo umeziba, kama hewa ya mashine inamtosha.

Karibu nusu ya wanaouchomoa wenyewe hawarudishiwi tena mpira, wanapumua wenyewe. Maana yake walikuwa tayari, sisi ndio tulichelewa!! Ndiyo maana kila asubuhi lazima tuulize huyu bado anauhitaji? Tupunguze au tusimamishe dawa ya usingizi kama hali yake inaruhusu, tumjaribu kupumua mwenyewe hata dakika 30, akiweza utolewe mchana wakati watu wapo.

Sasa kuna ile inayochomoka mikononi mwetu: tunamgeuza, tunabadilisha shuka, tunaweka sahani ya eksirei mgongoni, bomba za ventileta, ile mashine ya kupumulia, zimenasa kwenye reli ya kitanda na hakuna aliyeona. Hapa naomba mtu mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote, ashike mpira pale pale mdomoni na yeye ndiye ahesabu moja mbili tatu. Someni namba ya sentimita iliyoandikwa kwenye mpira pale unapopita kwenye meno, kabla na baada, kwa mtu mzima mara nyingi ni kama sentimita 21 mpaka 23. Kidevu kikiinuka mpira unapanda, kikishuka kifuani unaingia ndani zaidi, na kwa kichanga sentimita moja tu inatosha kuharibu kila kitu.

Ukisikia sauti ya mgonjwa mwenye mpira usifurahi, huenda mpira umetoka kwenye nafasi yake, kimbia ukaangalie. Alamu ya presha ndogo, hewa inayorudi imepungua, mstari wa kabonidayoksaidi kwenye monita umelala, zote zinaashiria hilo hilo. Ukiwa umetoka nusu usiusukume kwa kubahatisha, ita msaada kwa sauti, kaa na mgonjwa, mpe oksijeni. Ukiwa umetoka wote inua kidevu, weka maski, tazama kifua kama kinapanda, hakipandi mpulizie hewa kwa mfuko wa kubana kwa mkono. Anapumua vizuri na anakujibu? Basi usikimbilie kuurudisha, mwangalie kwa karibu. Ila yule aliyekuwa anategemea oksijeni nyingi mashineni usimsubiri achoke, daktari wa kuweka mpira aitwe mapema.

Halafu kitu kinachosahaulika sana, puto dogo la hewa lililo karibu na ncha ya ule mpira mara nyingi linatoka likiwa bado limejaa hewa, linapita kwenye nyuzi za sauti na kuziumiza, koo linavimba. Kwa hiyo hata kama saa hii anaongea vizuri, masaa yanayofuata sikilizeni kama kuna mluzi akivuta hewa ndani, na vifaa vya kuweka mpira visirudishwe kabatini, vibaki hapo hapo kitandani kwake.