Gluteni Sokoni: Liangalie Kopo la Kupimia

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao sijawafikia kwa salamu hizo, habari za asubuhi.

Waandaaji waliniomba nizungumzie vyakula visivyo na gluteni, na nadhani walitegemea nije na orodha ya bidhaa za supamaketi. Sikuja nayo. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ile rafu yenye biskuti zilizoandikwa "gluten free" ni jambo dogo, na bei zake mnazijua. Chakula chetu kingi kwa asili hakina gluteni: mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, maharage, dengu, nazi. Shida inaanza pale chakula hicho kinapokutana na ngano kabla hakijafika jikoni kwako. Leo nitazungumzia zaidi hapo.

Lakini wapo wanaolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (rye, nafaka jamaa ya ngano). Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, akila gluteni kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia. Vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalika. Ndiyo maana unamkuta mtu anakula vizuri lakini damu haiongezeki, au mtoto anaharisha na kilo hazipandi. Wapo wengine ambao hawana seliaki, ila wakila ngano tumbo linawasumbua. Na wapo wenye mzio wa ngano, ambao nao ni kitu kingine. Usijipangie mwenyewe uko kundi gani, nenda kapime, na usiache ngano kabla ya kupima! Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza wakati bado unakula gluteni. Ukiacha miezi kadhaa ndipo uende maabara, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa unao.

Kwamba kisa ni ngano, haikujulikana zamani sana. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilipoufanya mkate uadimike Uholanzi, wagonjwa wake wakapata nafuu, na mkate uliporudi wakaumwa tena. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950.

Sasa tuje kwenye kiasi, maana hapa ndipo watu wanapobishana na mimi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Slesi moja ya mkate ina gluteni ya gramu mbili na zaidi. Utafiti uliofanywa kwa wenye seliaki ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuanza kuudhuru utumbo. Hayo ni makombo, yale unayopangusa mezani baada ya chai.

Kwa kipimo hicho, twendeni duka la mtaani. Mangi kapanga magunia yake, midomo wazi: ngano, sembe, unga wa mchele, unga wa dengu. Kopo la kupimia ni moja. Amekuja mteja wa chapati, kachotewa ngano nusu kilo, kopo limegongwa ukingoni mwa gunia, puu, vumbi jeupe limepanda. Nyuma yake umesimama wewe na unataka unga wa dengu wa bajia. Kopo lile lile linazama kwenye dengu. Asubuhi dengu ile ilikuwa salama, saa nne haiko salama tena, na mangi hana kosa lolote, hajui. Kwa hiyo unga wa kupima, kwa mwenye seliaki, sishauri kabisa. Nunua nafaka nzima, au unga uliofungwa kiwandani na kuandikwa wazi kwamba hauna gluteni.

Na ukishanunua nafaka nzima, usiimwage sufuriani hivi hivi. Dengu na adesi hasa, mara nyingi utakuta punje za ngano au shayiri zimejificha humo, kwa sababu huko shambani mazao haya hupokezana. Weka kwenye ungo, chambua kwenye mwanga, kisha osha.

Mashine ya kusaga ni mtihani mwingine. Ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia mdomoni mwa mashine hakuna anayeufua, unapigwa fimbo tu. Na mijini mashine nyingi zinasaga unga wa lishe. Mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, naona anajua ninakoelekea. Unga wa lishe wa uji wa watoto, ule tunaosifiwa kliniki, mara nyingi umewekwa ngano pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga. Ukisaga mahindi yako baada ya mteja wa lishe, unarudi nyumbani na lishe yake kidogo. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Vijijini zipo nyingi. Kama hakuna, waombe wakusagie mapema kabla ya wengine, na unga wa mwanzo uwape kuku. Sisemi hiyo ni kinga kamili, maana vumbi la jana bado liko kwenye kitambaa.

Mama ameuliza: sasa mtoto anywe uji gani? Ulezi mtupu, mama, au mahindi na karanga, lakini nafaka ichambuliwe nyumbani na wewe mwenyewe. Kuhusu oti: yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini hulimwa na kusafirishwa pamoja na ngano na shayiri. Chukua ile tu iliyothibitishwa, na kwa mtoto aliyegunduliwa juzi ongea kwanza na daktari wake.

Vya kununua vimepikwa nitavipita haraka. Sambusa, mandazi, kaimati, tambi, suji, bokoboko, hivyo ni ngano yenyewe, havina mjadala. Wanaoponza ni wale wanaoonekana wema. Kitumbua ni mchele, lakini wapo wanaoongeza ngano ili kishike. Bajia ni dengu, hadithi ni hiyo hiyo. Urojo huwekewa unga wa ngano uwe mzito. Kababu hutiwa slesi. Chipsi ni viazi vitupu, ila zimekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Mkate wa kumimina ndio rafiki yangu: loweka mchele, saga kwenye blenda na tui, iliki, sukari na hamira, na hukumtegemea mtu wala mashine yake.

Nimeleta vifurushi viwili hapa mezani. Huu ni mchuzi wa soya, someni nyuma: maji, soya, ngano, chumvi. Wengi hawaamini mpaka wasome. Na hiki kikopo cha mvuje, ule wa unga wa manjano, kimechanganywa na unga wa ngano, na kijiko kimoja kinaingia sufuria nzima. Soseji na vidonge vya supu navyo visomwe kila unaponunua, hata kama ni kampuni uliyoizoea, kwa sababu viwanda hubadilisha michanganyiko.

Mnaoletewa vitu na ndugu walio nje, angalieni hili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inalazimisha ngano itajwe waziwazi, lakini shayiri haimo humo. Pakiti inaweza kuandikwa "wheat free" na ndani ina "malt", yaani kimea cha shayiri. Ulaya shayiri na rai nazo lazima zitajwe, na huwa zimekolezwa wino. Ukiona alama ya suke la ngano ndani ya duara, limekatwa kwa mstari, hapo bidhaa imeidhinishwa na chama kinachotambulika.

Kaka aliyeinua mkono, uliza. Ameuliza kuhusu pombe, watu wamecheka, lakini ni swali la kweli. Bia nyingi ni shayiri, achana nazo. Ya mtama soma kwanza, maana nyingine huongezwa shayiri. Mbege ni ndizi na kimea cha ulezi, haina gluteni kwa asili yake, na togwa ya ulezi vile vile. Ila muulize mpishi ulezi wake ameusaga kwenye mashine ipi.