Siku ya Tatu Mpe Jembe

Ndugu zangu, methali hii mnaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaisema kwa kicheko, tena mgeni mwenyewe akiwa hasikii, tukimaanisha kwamba amekaa vya kutosha. Mimi jioni hii nitaisoma vingine. Anayepewa jembe amekoma kuwa mgeni. Ni mtu wa nyumba. Asipotokea shambani, ataulizwa yuko wapi. Nimeombwa kuzungumzia makao ya kidini yanayopokea watu wazima wasio na pa kuishi, na kwa maoni yangu habari yao karibu yote imo katika jembe hilo: nani anapewa, lini, na mavuno ni ya nani.

Lakini tusizirukie zile siku mbili. Mtu aliyelala nje miezi kadhaa hakuwa akilala. Alikuwa akisinzia, viatu chini ya kichwa visije vikaibwa. Akiingia ndani atalala mchana kutwa, na msimamizi asiyeijua kazi yake atamwita mvivu. Mwacheni alale. Kisha kuna kitambulisho. Aliyekipoteza hupata taabu kufungua akaunti, kuajiriwa, hata kupanga chumba, na akienda kuomba kingine anaulizwa anwani ya makazi. Anwani! Nimeona mtu akifurahia anwani ya kujaza kwenye fomu kuliko alivyofurahia godoro.

Sasa jembe lenyewe. Mwaka 1949, karibu na Paris, padri aliyejulikana kwa jina la Abbé Pierre, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge, aliitwa kwenda kumwona Georges Legay. Huyu alikuwa ametoka kwenye kifungo kirefu cha kazi ngumu, akarudi kwao akakuta hana tena nafasi, akajaribu kujiua. Padri hakumhubiria. Alimwambia kwamba hana cha kumpa, ila kuna familia zinamngoja azijengee nyumba na kazi inamwelemea. Je, kabla ya kufa, asingekuja amsaidie kidogo? Legay akaenda. Ndiye aliyekuwa wa kwanza katika jumuiya za Emmaus, ambazo wakazi wake hujitegemea kwa kukusanya vitu vilivyotupwa, kuvitengeneza na kuviuza. Baadaye alieleza kwamba angepewa pesa au nyumba angejaribu kujiua tena, maana alichokosa kilikuwa sababu ya kuishi.

Msipige makofi bado. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya taasisi ya kidini, Tony and Susan Alamo Foundation, iliyokuwa na biashara za kila namna: vituo vya mafuta, maduka ya nguo na vyakula, hata ufugaji wa nguruwe. Wengi wa waliofanya kazi humo walikuwa waraibu wa zamani, watu wasio na makwao na waliowahi kufungwa. Walipewa chakula, mavazi na malazi, mshahara hakuna. Wenyewe walisimama kusema hawataki kulipwa, kwamba wanamtumikia Mungu. Mahakama ikasema hata hivyo ni wafanyakazi, na sheria ya kima cha chini cha mshahara inawahusu. Hukumu hiyo naipenda. Mtu asiye na pengine pa kulala, ukimuuliza kama anataka mshahara na mwenye kitanda anamsikiliza, unatarajia ajibu nini?

Baada ya jembe kuna ufunguo. William Booth, aliyeanzisha Jeshi la Wokovu pamoja na mkewe Catherine mashariki mwa London mwaka 1865, alichapisha mwaka 1890 mpango wa ngazi: mtu aanzie kwenye makao na karakana za mjini, apande hadi shambani, kisha ng'ambo akaanze upya. Makao mengi ya kidini yanaifuata ngazi hiyo hadi leo, hata yasiyojua ilikotoka. Bweni kwanza, halafu chumba cha watu wanne, halafu chumba chako, ukiteleza unarudi chini. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliipindua: mpe mtu nyumba na ufunguo kwanza, bila kumtaka aache pombe kabla, mengine yafuate. Finland ikauchukua mtazamo huo kuwa sera mwaka 2008. Na mjini Helsinki, Jeshi la Wokovu lenyewe lilikuwa na bweni la vitanda 250. Lilikarabatiwa, na mwaka 2012 mahali pake pakawa na nyumba ndogo 81 za kujitegemea. Ukihesabu vitanda utaona hasara. Hesabu milango ambayo mkazi anaweza kuifunga mwenyewe.

Sisemi ngazi zote zivunjwe. Wapo wanaoogopa kufungiwa peke yao na chupa, na watu wa kula nao jioni, wanaojua jina lako, ndicho kitu ambacho nyumba za imani huwa nacho. Ila kuhusu ibada sitazunguka: isiwe bei ya kitanda. Isaya, sura ya 58, anataka maskini waliotupwa nje waletwe nyumbani kwako. Hakusema waimbe kwanza. Na angalieni, alisema nyumbani kwako. Sisi tumewajengea kituo, tena mbali kidogo.

Nimemsifu Abbé Pierre, basi sina budi kumalizia habari yake. Alifariki mwaka 2007. Mwaka 2024 harakati ya Emmaus yenyewe ilichapisha shuhuda za wanawake waliosema aliwadhalilisha kingono. Ya Legay yanabaki kuwa kweli, na shuhuda hizo haziwekwi kando kwa sababu yake. Mtu mmoja akiheshimiwa kama mtakatifu, na funguo zote zikawa mfukoni mwake, anayeonewa ndani ya nyumba atamlalamikia nani? Ndiyo maana kila ninapotembelea makao, kabla ya kuonyeshwa jiko na kanisa, huuliza jina la mtu wa nje, asiyelipwa na nyumba hiyo, anayepokea malalamiko ya wakazi. Mara nyingi naonyeshwa jiko.

Nafahamu ukumbini wamo wenzetu wanaoendesha makao kama haya, na wamo waliowahi kulala humo. Kwa maswali, naomba tuanze na hawa wa pili.