Mfereji wa Kongosho Unapobana Kupita Kiasi: Mhadhara Uliotolewa Malindi

Assalamu alaikum, mabibi na mabwana. Hapa kwetu Malindi, mtu anayeumwa chembe cha moyo, maumivu yakamchoma hadi mgongoni na kumzidi kila alapo, mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo, akameza dawa miaka nenda miaka rudi. Wapo miongoni mwao ambao ugonjwa hasa uko kwenye kongosho, tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, lililovimba kwa muda mrefu kwa sababu ya pombe (na tembo la mnazi ni pombe, tusidanganyane), sigara au kasoro ya kurithi, hata mfereji wake mkuu ukafanya kovu na kubana. Maji ya kusagia chakula hukosa njia, shinikizo likapanda.

Daktari hupitisha endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera, kinywani hadi utumbo mdogo, akalitafuta tundu la mfereji, kisha, akiangalia kwa eksirei, husukuma waya mwembamba ndani yake. Palipobana sana waya huweza kupita ilhali puto la kupanulia likagoma. Hapo hutumika kifaa cha Soehendra, daktari bingwa wa Hamburg, Ujerumani, chenye ncha ya meno kama parafujo. Kilibuniwa kwa ajili ya kutolea stenti (vijibomba vya kuuacha mfereji wazi) zilizoziba, lakini kikizungushwa taratibu juu ya waya hujichimbia njia ndani ya kovu lenyewe. Wakati huohuo huchukuliwa seli kwa brashi, kwa kuwa saratani nayo hubana mfereji. Kazi yenyewe yaweza kulivimbisha kongosho upya, na ndiyo maana mgonjwa huwekewa indomethasini, dawa ya kuzuia uvimbe, kwa njia ya haja kubwa.

Njia ikipatikana, huwekwa stenti ya plastiki yenye unene wa milimita 3.3. Mwongozo wa Ulaya wa 2018 unapendekeza mfereji ukae na stenti mwaka mzima, ikibadilishwa inapohitajika. Kwa mgonjwa wa Lamu, atakayevuka kwa boti hadi Mokowe ndipo aanze safari ya barabara kuelekea hospitali kubwa, mwaka huo ni mzito, na kwa maoni yangu uzito huo uzungumzwe kabla ya stenti ya kwanza, pamoja na njia nyingine iliyopo, yaani upasuaji. Utafiti wa Amsterdam uliochapishwa 2007 ulifuata wagonjwa 39: waliopata nafuu ya maumivu walikuwa asilimia 32 kwa endoskopi na asilimia 75 kwa upasuaji. Wenye mawe ndani ya mfereji na mibano mingi hawafai kucheleweshwa mwaka baada ya mwaka kwa kubadilishiwa stenti tu, ingawa kwa aliye dhaifu wa moyo au mapafu mimi ningeanza na endoskopi.

Aliyewekewa stenti akashikwa na homa, au maumivu yakamrudia, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Stenti huziba, na nyingine huhama mahali pake.