Karatasi ya damu kabla ya kemo: tafuta PLT, HGB na WBC

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Hii niliyoshika ni karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu, ile anayopimwa mgonjwa wa saratani kabla ya kemo. Wengi wetu tunaikunja na kuitia kwenye bahasha. Leo tuifungue.

Yupo daktari wa saratani huku Marekani, Alok Khorana wa Cleveland Clinic, Ohio. Miaka mingi ya utafiti wake ameitoa kwa damu inayoganda ndani ya mishipa ya wagonjwa wa saratani. Uvimbe unamwaga kwenye damu vitu vinavyoigandisha, kemo inaumiza mishipa, na mgonjwa analala sana. Donge linaanzia mguuni, linakatika, linapanda mapafuni. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alilifundisha hilo Paris tangu 1865, na miaka miwili baadaye saratani ya tumbo ikamwondoa yeye mwenyewe. Kilichokosekana ni njia ya kujua mapema nani yuko hatarini zaidi.

Mwaka 2008, akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, Khorana na wenzake walitoa alama za kupimia hatari hiyo, walizozipata kwa kufuatilia wagonjwa 2,701 wa kemo, wakazihakiki kwa wengine 1,365. Hazidai mashine mpya, na ndiyo maana nazipenda: mgonjwa wako awe Ocean Road, Bugando au Kenyatta, hesabu ni ileile.

Saratani ya tumbo (mfuko wa chakula) au kongosho, alama 2. Mapafu, limfoma (saratani ya tezi za limfu), kibofu, korodani, au viungo vya uzazi vya mwanamke kama mlango wa kizazi na ovari, alama 1. Titi na utumbo mpana, sifuri. Sasa karatasi: PLT, yaani chembe sahani zinazogandisha damu, ikiwa 350 au zaidi, ongeza 1. HGB, yaani hemoglobini, wekundu wa damu, ikiwa chini ya 10, au anachomwa sindano za kuongeza damu, 1. WBC, yaani chembe nyeupe, zaidi ya 11, 1. Mwisho uzito: kilo gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikifika 35, ongeza 1. Kwa mtu wa mita 1.60 hiyo ni kama kilo 90.

Chukua mama mwenye saratani ya mapafu, PLT 380, HGB 9.6, WBC 8, kilo 62. Moja, mbili, tatu. Kuanzia 3 ni hatari kubwa.

Tumieni karatasi ya kabla ya dripu ya kwanza. Kemo ikishaingia inashusha chembe, na hesabu inadanganya. Wala alama ndogo si kinga. Madonge mengi huwapata watu wenye 1 au 2.

Kwa hiyo utafiti wa AVERT wa 2019 ulianzia alama 2: apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, miezi 6. Walioganda damu walikuwa asilimia 4.2, dhidi ya 10.2 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini waliovuja damu vibaya walikuwa 3.5 dhidi ya 1.8. Tafadhali msiinunue dukani wenyewe! Uvimbe ulio ndani ya tumbo huvuja kirahisi, dawa ya maumivu ya diklofenaki inazidisha, na PLT ikishuka chini ya 50 daktari lazima aangalie dozi upya. Mpelekeeni hesabu, aamue yeye.

Nyumbani wekeni futi ya fundi cherehani. Mguu mmoja ukivimba, shukeni sentimita 10 kutoka kwenye kifupa kilichojitokeza chini ya goti, pimeni mzunguko wa shavu la mguu, kisha mguu wa pili vilevile. Tofauti ikizidi sentimita 3, hospitali siku hiyohiyo, na asichuliwe mafuta wala dawa ya kupaka. Hata futi isipoonyesha tofauti kubwa, mguu uliovimba ghafla na kuuma daktari auone. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma, acheni futi, tafuteni gari.