Nani Anajua Umelala Wapi?

(Maneno ya mlezi wa mabweni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dar es Salaam)

Wanangu, hamjambo? Ahsanteni. Wenzangu waliotangulia wameshawaeleza habari za bima, zahanati na ushauri nasaha, kwa hiyo hayo sitayarudia. Mimi nimelea mabweni miaka mingi, katika vyuo viwili, na nimekuja na swali moja. Usiku wa leo ukilala, nani anajua umelala wapi?

Naona mnatazamana. Najua, mmeshaanza kubebana, kulaza wenzenu wasio na chumba kwenye vitanda vyenu.

Sikuja kumkamata mtu. Chumba cha watu wanne kinalaza sita kwa sababu vitanda havitoshi, na chumba cha mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mtoto katoka Kigoma au Newala na begi moja, mkopo haujaingia, alale wapi? Atalala kwa mwenzake waliyesoma naye. Huo ni utu, na siwaombi muuache. Ninachokiogopa ni kwamba anayebebwa hayumo kwenye daftari.

Niwape kisa changu. Asubuhi moja umeme ulikatika. Binti alikuwa ametumbukiza hita kwenye ndoo ya plastiki apashe maji ya kuoga. Akasubiri, kipindi kikamfikia, akaondoka. Hita akaiacha ndani ya maji, na soketi hakuizima. Umeme uliporudi hapakuwa na mtu wa kuangalia: maji yakachemka mpaka yakakauka, ndoo ikayeyuka, moto ukashika godoro. Tulitoa watu, nikasimama uwanjani na daftari langu, nikaita majina. Wakazi wanne wa chumba kile nilikuwa na habari za wote, wako darasani. Nikawaambia watu wa zimamoto, kwa kinywa changu hiki, kwamba chumba ni kitupu.

Hakikuwa kitupu. Kulikuwa na binti wa tano, ana homa, amelala kitanda cha juu, na wenzake walikuwa wamemfungia kufuli kwa nje ili mlinzi asimwone. Aliyemwokoa ni mama wa usafi, ambaye alfajiri alimsikia akikohoa alipokuwa akipiga deki. Mama yule alipiga kelele mpaka mlango ukavunjwa. Binti alipona. Lakini mimi nilikuwa nimeshamfuta, na mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua moyo unanienda mbio.

Mwaka 2024, mwezi wa Septemba, bweni la shule ya Hillside Endarasha, kule Nyeri, Kenya, liliungua usiku. Watoto 21 walikufa. Bweni lilikuwa na wavulana zaidi ya 150. Mnakumbuka kulivyopambazuka? Zilitangazwa habari za watoto 70 wasiojulikana walipo. Wengi wao walikuwa hai: wengine walichukuliwa na wazazi, wengine walikimbilia kwa majirani. Fikirieni mzazi aliyesimama getini saa zile, na hakuna wa kumwambia mwanao yuko hapa au hayupo.

Jambo la pili ni hilo kufuli. Shule ya Kyanguli, Machakos, hukohuko Kenya, Machi 2001: bweni liliungua, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Hapa kwetu, shule ya Shauritanga, Kilimanjaro, 1994, moto wa bweni ulitufanya tuzike wasichana zaidi ya 40. Najua kwa nini tunaweka nondo na kufuli. Kompyuta mpakato ya mwanafunzi ni ng'ombe wawili wa baba yake, na wezi wapo. Hoja hiyo siidharau. Ila kufuli la ndani ufunguo wake uning'inie msumarini karibu na mlango, mahali ambapo hata aliyeamka usingizini gizani mkono unafika. Usiwe kwenye mkoba wa mtu. Na kumfungia binadamu kwa nje, hapana. Kwa sababu yoyote ile, hapana.

Sasa sikilizeni hili, maana ni la vyuo kama chetu. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Siku kumi baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ililipuka karibu na mabweni ya kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani yale ya Garissa yamewafikia. Waliruka kutoka ghorofani. Zaidi ya mia moja waliumia, na mmoja akafa. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, walifanya zoezi la usalama, ikafyatuliwa milio ya risasi. Watu hawakujua kuwa ni zoezi, wakaruka, na mfanyakazi mmoja wa chuo akafariki. Hakukuwa na gaidi katika yote mawili. Mimi siwalaumu walioruka. Mtu ambaye hajawahi kuoneshwa ngazi ya pili iko wapi, dirisha ndiyo ngazi anayoiona.

Kwa hiyo mkitoka hapa tutatembea. Bweni kwa bweni, kila mmoja ashuke kwa ngazi ambayo haitumii kila siku. Nitawaonesha mahali pa kukusanyikia, pale kwenye mwembe. Moshi ukijaa, inama, tambaa, hewa ya kuvuta iko chini. Mlango ukiwa wa moto ukiugusa kwa mgongo wa mkono, usiufungue. Namba ya zimamoto ni 114, iandikeni sasa hivi, nasubiri.

Na daftari. Nimefungua jipya, nimelikabidhi kwa mwakilishi wa kila ghorofa, si kwa uongozi. Anayebebwa ataandika jina, chumba, na simu ya nyumbani. Nimezungumza na wakubwa wangu na wamekubali kwamba halitatumika kumfukuza mtu wala kumtoza. Neno hilo nalitoa mbele yenu wote, mniulize siku likivunjwa. Ukipata homa usiku, mwakilishi atajua agonge mlango upi. Tukisimama chini ya mwembe saa nane za usiku, nitakuita kwa jina.

Kalamu ziko pale mezani. Tuanze na ghorofa ya chini.